Sauti Iliyokuja na Gari

Nikitia ufunguo, kabla injini haijakohoa,
yeye huzungumza.
Maneno saba, manane, laini
kama mtu anayekunja kanga,
kisha kimya.
Mwaka wa sita huu. Gari lilishuka melini Kilindini
na kilomita zake tisini na mbili elfu,
na vumbi la nchi nyingine kwenye zulia,
na yeye.

Siku ya kwanza mkwe wangu, Bi Mwanahawa, aliketi nyuma,
akasikia, akajibu: "Alhamdulillahi, sijui nyinyi."
Akanigeukia: "Mtu akikusalimu hujibu?
Gari umenunua, adabu hukununua?"

Tangu hapo twajibu sote.
Nasra husema "Marahaba",
maana ameamua kuwa huyo wa ndani ni mdogo kwake.
Maimuna yeye asema ile ni dua ya safari,
huitikia amina, ndipo afunge mkanda.

Gari lenyewe, niseme kweli, chumvi yalila.
Ilianza chini ya milango, maji ya Mei yanapotuama,
ikapanda hadi kwenye buti.
Gonga kwa kidole: biskuti.
AC ilikata roho Februari, na mwezi mwingine haikuuona,
tukiwa kwenye foleni ya feri Likoni,
mbele lori la nazi, nyuma harusi yapiga honi.
Jasho likanishuka hadi kwenye soksi,
kiti kikaning'ang'ania mgongoni
kama mtoto asiyetaka kwenda chuoni.

Kitsao, fundi wangu wa Changamwe, hana haraka.
Hulala chini ya gari akisimulia kesi ya shemeji yake,
mkono tu ndio utokao, kuomba spana kumi na nne.
Alitia gesi. Gesi ikatoroka.
Akabadili bomba. Akasema basi ni kompresa.
Nikamwambia, Kitsao,
kompresa na karo ya shule bei yake ni moja,
na karo haingoji.
Akanifundisha kufungua madirisha mawili tu,
la mbele kulia, la nyuma kushoto,
upepo uingie kwa hodi na utoke kwa kuaga.
Somo hilo lilinigharimu chai na mahamri manne.
Akaongeza: "Na huyu mwanamke,
nyaya mbili nikikata, atanyamaza."
Nikasema ngoja kwanza.

Juzi nilimpa lifti jirani yetu, Bwana Shekuwe,
baharia wa meli za mafuta tangu ujana,
aliyewahi kuugua Yokohama akalazwa miezi minane.
Sauti ikatoka. Nasra: "Marahaba."
Mzee akacheka mpaka akashika meno yake yasianguke.
"Mwajua asemalo?"
Hatukujua.
"Asema kadi haijaingizwa."
Kadi gani?
"Ya kulipia barabara. Kwao barabara hulipiwa.
Ukiitia, kizuizi chainuka chenyewe, wapita."

Miaka sita.
Kila asubuhi adai kadi tusiyokuwa nayo,
ya barabara tusizozipita,
na hajapandisha sauti hata mara moja.
Tuta la Tudor lilipogonga bushi ya kushoto, alidai.
Usiku ule wa kumkimbiza Maimuna kujifungua, alidai,
nasi tukaitikia amina.

Maimuna alinyamaza hadi Makupa.
Kisha akasema, akitazama dirishani:
"Mimi nitaitikia vilevile."
Bi Mwanahawa hatujamwambia.

Leo alfajiri nimekaa peke yangu garini,
kioo kimejaa umande, kiti kingali baridi,
saa pekee ambayo gari hili lina raha.
Nimetia ufunguo. Amesema.
Nikafuta kioo kwa kiganja,
nikamjibu nijibuvyo wote wanaonidai,
Kitsao na mwenye nyumba na duka la vipuri:
"Bado, mama. Mwisho wa mwezi."